Nihesabie kwa Kofia

Barke, stima imerudi. Lete daftari.
Kesho saa sita, umesema, mlango wa majibu unafungwa,
na vyuo vyote viwili vimekutaka.
Mimi pauni siijui. Nihesabie kwa kofia.

Kofia moja ya vito ni miezi mitatu,
tundu kwa tundu, uzi ukizunguka mdomo wa kila tundu
mpaka shingo inakufa ganzi na Langoni nzima imelala.
Elfu kumi na tano, nikipata mnunuzi asiyelialia.
Uliandika karo ya London, ukaigawa,
kalamu ikasita.
Kofia mia mbili na ishirini.
Yaani miaka hamsini na mitano, tena bila kuumwa jicho.
Tulicheka sana. Halafu ukaenda kuchota maji,
nikabaki na daftari limefunuka.

Nikwambie kweli? Ni mimi niliyeitaka London.
Nilitaka, kwenye harusi ya kina Fumo,
nilitaje jina la chuo kile polepole,
kama mtu anayetua sinia la biriani.
Wanawake wangenyamaza. Wangenipisha mkekani.

Lakini Lali yuko huko. Mamake asema amenenepa.
Wewe alikwambia usiku, simu ikikatikakatika:
nusu ya pesa zake na zaidi huliwa na chumba
chenye dirisha linalotazama ukuta,
na Jumamosi hushinda maktaba, si kwa kusoma,
ila maktaba ina joto la bure.
Lile koti la picha ya Idi
walilivaa watu watatu, mmoja baada ya mwenziwe.

Huo mji wa pili, Dundee,
nimeuliza hapa, hakuna aliyewahi kuusikia
ila mwalimu Athman: zamani, asema, wakifuma magunia.
Basi ni watu wa uzi, nikamjibu.
Karo wamekusamehe, imebaki robo.
Chumba ni nusu ya bei ya kule, darasani unakwenda kwa miguu,
na yuko mwalimu, jina lake ulinisomea mara mbili,
aliyeandika juu ya visima vinavyoingiwa na chumvi.
Visima kama hivi vyetu, chini ya mchanga wa Shela.
Hapo sauti yako ilibadilika.
Niliisikia, japo nilikuwa nimeinamia sindano.

Sasa andika, maana nitasahau.
Uliza kama joto limo ndani ya kodi au linalipiwa mbali.
Mchele nunueni gunia, watu wanne, jikoni kwa zamu.
Jioni, maduka yakikaribia kufungwa,
Lali asema mkate hubandikwa karatasi ya manjano, bei ikashuka.
Nenda saa hiyo. Usione haya, njaa ndiyo haya.
Koti, la mitumba. Wenyeji nao huvaa vya waliokufa.
Kazi, saa zile walizokuruhusu, usizidishe hata moja;
hukwenda kuosha vyombo vya watu
ukarudi hujui maji yanapita wapi.
Na huo mwaka mmoja usinitumie kitu.
Nikikuomba, sema mtandao mbaya.

Ngoja. Punda wa mchanga wanapita,
sijisikii hata mwenyewe.

Haya. Toa akiba yako ya ofisi ya maji.
Toa mchango wa mjomba wako Bwanamkuu;
hapana, toa nusu yake, ameahidi tu.
Zimebaki ngapi?

Arubaini na moja.

Sita ziko kabatini.
Ya saba ni hii, ina tundu moja nililolikosea,
nimelifumua mara mbili na bado linanicheka.
Wajibu hao wa Dundee, bonyeza kabla stima haijakwenda tena.
Halafu nipe uzi mweupe.
Siyo huo. Ule mwembamba.